Mchanganyiko wa Mama Mng'aro

Katika nyumba ya fundi viatu hakuna aliyehitaji saa ya kuamshia. Kila alfajiri mke wa fundi aliketi kitandani akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu cha kukwaruza koo. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akajifunga kitambaa kichwani na kuanza kazi za nyumbani kama kawaida.

"Haya, kumekucha," mumewe alisema asubuhi moja huku akijinyoosha. "Mke wangu, hicho kifua kipeleke hospitali."

"Ni vumbi tu, baba watoto."

"Vumbi la wapi? Si wewe ndiye unayelimaliza vumbi la mji mzima?"

Mkewe alicheka, akakohoa tena. Alikuwa msafishaji katika nyumba ya wageni. Kazi yake ilikuwa vyoo na bafu, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Sinki alilosugua yeye ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele. Ndiyo maana kazini walimwita Mama Mng'aro, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Naye alilipenda jina hilo, tusifichane.

Asubuhi hiyo hakuwa anakwenda kazini peke yake. Alikuwa na wifi yake, dada wa fundi viatu, aliyekuwa anaanza kazi huko siku hiyo. Huyu dada mtu alikuwa na haraka ambayo hujapata kuiona. Alikula huku anafunga kiatu, na alifunga kiatu huku anatafuta kitana. Walimwita Chapuchapu tangu utotoni. Alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za shule, lakini karakana ilifungwa. Tangu hapo alihamia kwa kaka yake. Alilala sebuleni kwenye kochi fupi, miguu ikining'inia nje. Mtu mzima, mama wa mtoto, kulala kwenye kochi! Alitaka kazi ili apate chumba chake na amchukue mwanawe aliyemwacha kwa bibi.

"Wifi, twende, tutachelewa!" aliita kutoka mlangoni.

"Tutachelewa nini na jua lenyewe bado linanawa uso? Hebu tulia, kiatu chako kimoja hujakivaa."

Chapuchapu alitazama mguu wake. Wote watatu wakaangua kicheko.

"Mke wangu," fundi alisema walipokuwa wanatoka, "dada yangu huyo nimekukabidhi. Mfundishe kazi vizuri."

"Niachie mimi," alijibu Mama Mng'aro. "Atang'arisha mpaka wanisahau."

Nyumba ya wageni ilikuwa ya ghorofa moja. Juu kulikuwa na vyumba vilivyopangana pande mbili za korido ndefu, na kila chumba kilikuwa na bafu na choo chake. Chini ya ngazi kulikuwa na stoo ndogo ya vifaa vya usafi. Humo ndimo Mama Mng'aro alimwingiza wifi yake.

Kulikuwa na ndoo, mafagio na brashi. Kwenye rafu kulikuwa na chupa nyingi zilizowahi kuwa na soda na maji ya kunywa. Sasa zilikuwa na dawa, na hazikuandikwa kitu.

"Utajuaje ipi ni ipi?" Chapuchapu aliuliza.

"Unanusa. Hii ni dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Hii ni asidi ya kusafishia choo. Ukizizoea, hata ukiwa umefumba macho unazijua."

Kisha akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya ukoo.

"Sasa sikiliza. Wengine wanatumia moja moja. Mimi naziweka pamoja. Zikikutana zinachemka, zinatoa povu, na uchafu wote unakwisha. Hii siri sijampa mtu. Nakupa wewe kwa sababu ni wifi yangu."

Walipanda juu, wakaingia bafu la kwanza. Mama Mng'aro akamimina dawa hii, akamimina na ile. Harufu kali ikapanda. Chapuchapu akarudi nyuma ameshika pua.

"Mama yangu! Wifi, hii inapita mpaka utosini!"

"Ndiyo inafanya kazi hivyo."

"Inafanya kazi kwenye choo au kwangu?"

"Wewe nawe! Usipotoa machozi, jua choo bado kichafu. Njoo nje. Funga mlango. Na dirisha usifungue kabisa, nguvu ya dawa itatorokea nje. Subiri kidogo, halafu unaingia mbio, unasugua, unatoka."

Chapuchapu alifuata alivyoambiwa. Aliingia mbio na kutoka mbio, mambo ya mbio alikuwa anayaweza. Choo kiling'aa kweli. Macho yake yaliwaka na kifua kilibana, lakini aliona wifi yake naye anakohoa na hana wasiwasi. Akasema moyoni, kumbe kazi ndiyo ilivyo.

Haikupita wiki, meneja akawaita wafanyakazi wote. Meneja alikuwa mwanamume mnene mwenye roho nzuri, ila mgeni akilalamika alipagawa kama kuku aliyemwagiwa maji.

"Kesho anakuja mwalimu wa afya na usalama kazini," alitangaza. "Mafunzo ni ya siku mbili, katika ukumbi wa chakula. Kila mtu ahudhurie."

Wafanyakazi walinung'unika. Mpiga pasi, mzee mmoja mcheshi aliyefua na kunyoosha mashuka, alitikisa kichwa.

"Mimi na pasi tumezeeka pamoja," alisema. "Hata ikitaka kuniunguza inanipa taarifa."

"Na mimi nifundishwe kuosha choo?" Mama Mng'aro alidakia. "Basi keshokutwa waje wanifundishe kutafuna!"

Watu wakacheka. Kichwa kikamvimba kidogo. Mkutano ulipoisha alimfuata meneja ofisini.

"Bosi, kesho si wanaingia wageni wa ule mkutano mkubwa? Tukikaa sote darasani, nani ataandaa vyumba?"

Meneja alijikuna kidevu. Aliwaza mafunzo, akawaza wageni. Wageni wakashinda.

"Basi wewe na wifi yako mbaki kazini. Nyinyi kazi mnaijua."

Mnaijua! Chapuchapu hata mikono ilikuwa haijazoea brashi. Mmoja aliomba ruhusa kwa kiburi, mwingine akaitoa kwa hofu ya wageni, na aliyekuja kuumia hakuulizwa.

Kesho yake watu walikusanyika ukumbini. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vizito na sauti ya kusikika mbali. Chapuchapu akipita na ndoo alisikia vicheko kutoka ndani.

"Wifi, twende tukachungulie kidogo. Wanaonekana wanafurahi."

"Wageni wanakuja saa sita. Utachungulia nini? Wewe anza vyumba vya mwisho kule, mimi naanzia huku."

Wakaachana. Katika chumba cha mwisho kabisa, Chapuchapu alikuta choo chenye doa la kahawia, gumu, la siku nyingi. Akasugua mpaka mkono ukauma. Doa likamtazama tu. Alikumbuka wifi yake alivyomsifia kwa kaka. Alitaka naye asifiwe. Basi akamimina dawa nyingi kuliko alivyofundishwa, hii nyingi na ile nyingi. Halafu, kwa haraka zake, akaona kwenda nje kusubiri ni kupoteza muda. Akafunga mlango na dirisha, akapiga magoti humo humo ndani, akaanza kusugua.

Mama Mng'aro, huko alikokuwa, alisikia kikohozi. Akatabasamu.

"Ameanza kuiva huyo," alijisemea.

Kikaja kikohozi kingine na kingine, kimoja kikimrukia mwenzake. Ndoo ikaanguka kwa kishindo. Kisha kimya.

"Wifi?"

Hakujibiwa. Mama Mng'aro aliitupa brashi akatoka mbio. Alipofungua mlango wa chumba, harufu ilimpiga usoni. Chapuchapu alikuwa ametambaa kutoka bafuni mpaka katikati ya chumba. Alilala kifudifudi, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni. Mgongo wake ulipanda na kushuka kwa shida.

"Uwiii! Njooni jamani! Wifi yangu anakufa!"

Alitaka kujitosa ndani. Mkono ukamdaka bega kwa nyuma. Alikuwa mwalimu, amepanda ngazi kwa kasi ya ajabu, na mpiga pasi nyuma yake.

"Usiingie!"

"Niache! Yumo ndani!"

"Nimemwona. Na wewe ukianguka tutavuta wawili. Fungua madirisha ya korido, yote!"

Mama Mng'aro alikimbia akayafungua. Upepo ukaingia. Mwalimu akavuta pumzi ndefu hapo nje, akaibana, mpiga pasi akafanya vivyo hivyo. Wakaingia, wakamshika Chapuchapu makwapani, wakamburuta hadi nje. Wakambeba kumpeleka barazani kwenye hewa safi.

Mwalimu akamkalisha wima ameegemea kifua cha mpiga pasi. Akamvua aproni iliyolowa dawa, akalegeza nguo shingoni, akaanza kumwosha macho kwa maji mengi safi yanayotiririka.

"Mleteeni maziwa!" mtu mmoja alipiga kelele. "Maziwa yanaua sumu!"

"Hapana maziwa," mwalimu alisema bila kugeuka. "Sumu aliyoivuta iko kwenye mapafu. Maziwa hayafiki huko, yatampalia tu. Anahitaji hewa na hospitali. Meneja, gari!" Kisha akamtazama Mama Mng'aro. "Alichanganya nini?"

Watu wote walikuwa wanamtazama.

"Sabuni," alisema. "Sabuni tu."

Kwa nini alisema hivyo? Aibu, ndugu yangu. Aibu inaweza kumfunga mtu mdomo hata nyumba ikiungua. Mwalimu alimkazia macho kidogo. Akapanda juu, akabana pumzi tena, akachukua chupa mbili zilizokuwa bafuni, akazifunga, wakaondoka.

Hospitali walimpokea Chapuchapu wakamkimbiza ndani. Hazikupita dakika nyingi, daktari akatoka na zile chupa mkononi.

"Hizi ni za soda na hazina maandishi," alisema. "Siwezi kubahatisha. Nani anajua mgonjwa alitumia nini?"

Wakati huohuo fundi viatu, aliyepigiwa simu, aliingia akihema, gundi ya viatu bado imeganda vidoleni. Alisimama akamtazama mkewe. Akisema, mumewe atajua. Asiposema, wifi yake anaweza kufa. Akapiga moyo konde.

"Mimi najua, daktari. Moja ni dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nyingine ni asidi ya choo. Alizichanganya pamoja, na mlango ulikuwa umefungwa. Si kosa lake. Nilimfundisha mimi."

Daktari alirudi ndani haraka. Fundi viatu hakumpigia mkewe kelele. Alikwenda kukaa mwisho wa benchi, mbali, akashika tama. Afadhali angepiga kelele. Mama Mng'aro alikaa upande huu wa benchi akalia kimyakimya.

Mwalimu alikuja akaketi karibu naye.

"Umefanya vizuri kusema," alimwambia.

"Nimefanya vizuri nini? Nusura niue mtu."

"Ulikuwa hujui. Sasa utajua. Dawa ile ya nguo ikikutana na asidi, inatoka hewa yenye sumu. Ndiyo ile harufu iliyokuwa inakutoa machozi."

"Mimi nilidhani ni nguvu ya usafi."

"Ilikuwa nguvu ya kuunguza. Inaunguza macho, koo na mapafu. Na ukifunga dirisha, unajifungia ndani na sumu."

Mama Mng'aro alifuta pua. Bado kulikuwa na jambo moja lililomkera.

"Lakini mwalimu, mbona mimi nimefanya hivyo siku zote na sijaanguka?"

"Ulikuwa unaungua kidogo kidogo. Tangu nimekuona asubuhi hujaacha kukohoa. Kikohozi hicho kilianza lini?"

Mama Mng'aro alihesabu miezi kwa vidole. Kilianza alipoanza kutumia mchanganyiko. Ukweli huo ulikuwa mbele yake kila alfajiri, naye akausingizia vumbi.

Jioni daktari aliwaruhusu kuingia wodini. Chapuchapu alikuwa amevishwa kifaa cha kumpa hewa puani. Macho yalikuwa mekundu na sauti imekauka.

"Wifi," alisema kwa taabu, "lile doa limetoka?"

Mama Mng'aro alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Akamshika mkono.

"Nisamehe, wifi yangu. Nisamehe sana."

"Nimekusamehe. Lakini choo siingii tena." Chapuchapu alifumba macho. "Mlango wa bafu ulikataa kufunguka mwanzoni, wifi. Nilikuwa naupapasa siuoni. Nilimwona mwanangu tu. Siingii tena."

"Na hatarudi kule," fundi viatu alisema kwa sauti nzito. "Heri alale kwenye kochi maisha yake yote."

Akamvutia dada yake shuka mpaka mabegani.

Siku ya pili ya mafunzo, mtu wa kwanza kuingia ukumbini alikuwa Mama Mng'aro. Alikaa mbele kabisa. Meneja naye aliketi kando yake kama mtoto aliyechelewa shule.

"Kabla hatujaanza," meneja alisema, "niwaombe radhi. Nilisema kila mtu ahudhurie, halafu nikawaacha wawili. Niliona vyumba, sikuona watu."

Mwalimu aliweka mezani chupa moja ya dawa, ya dukani, yenye karatasi yake.

"Mnaona maandishi haya madogo? Nani huwa anayasoma?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Yanasema usichanganye na dawa nyingine. Yanasema upime kiasi gani kwa maji kiasi gani. Yanasema ufanye nini ikikuingia machoni. Sasa ukiimwaga dawa kwenye chupa ya soda, umetupa maelezo yote hayo. Na mtoto wa mgeni akiikuta, atajua ni soda. Atafanya nini?"

"Atakunywa," mpiga pasi alijibu, na safari hii hakufanya mzaha.

"Kwa hiyo dawa ibaki kwenye chupa yake. Kama lazima uihamishe, chombo kisiwe cha chakula wala kinywaji, na uandike jina lake kwa herufi za kuonekana. Tena usijaribu dawa kwa kuinusa."

Mama Mng'aro aliinamisha kichwa. Halafu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kuna madoa sugu. Dawa moja haitoshi. Tufanyeje?"

"Swali zuri. Ukishaweka dawa, unaipa muda gani?"

"Muda? Naweka, nasugua."

"Iache ikae, kama maandishi yanavyosema. Dawa inataka muda kuliko inavyotaka mwenzake. Kisha sugua kwa brashi nzuri. Doa likibaki, suuza kwa maji mengi, urudie dawa ileile. Usiongeze nyingine."

"Na kama bosi ana haraka?" mpiga pasi aliuliza, akimtupia meneja jicho.

Ukumbi ukacheka. Mwalimu hakucheka.

"Ukiambiwa ufanye jambo la kuhatarisha maisha yako, una haki ya kukataa na kueleza kwa nini. Na meneja ana wajibu wa kukusikiliza, na kukupa glavu, miwani ya kukinga macho na dawa zenye maelezo. Usalama si hisani anayowafanyia."

Walifanya mazoezi mpaka mchana. Walijifunza kufungua dirisha kabla ya kufungua chupa. Walijifunza kutia dawa ndani ya maji, wala si maji ndani ya dawa, ili isiwarukie. Walijifunza kuosha jicho kwa maji yanayotiririka kwa zaidi ya robo saa, hata kama mwenyewe anapiga kelele imetosha. Mpiga pasi alijifanya mgonjwa, akalia kwa madaha mpaka watu wakashika mbavu. Hata hivyo kila mmoja aliosha kwa zamu yake.

Mambo yalianza kubadilika. Chupa za soda ziliondolewa stoo. Rafu ikapangwa upya, asidi upande huu na dawa ya nguo upande ule, mbalimbali. Glavu zikanunuliwa. Mama Mng'aro alikwenda hospitali kupimwa kifua, akapewa dawa na miadi ya kurudi. Daktari alimwambia mapafu yake yameumia, lakini akiacha kuvuta ile sumu yatapata nafuu. Siku zilivyosonga, kikohozi kilianza kupungua. Kuna asubuhi fundi viatu alichelewa kazini kwa kuwa hakuna aliyemwamsha.

Chapuchapu alipona. Baada ya kukaa nyumbani mpaka akachoka kuhesabu bati za paa, alimwomba kaka yake ruhusa ya kurudi kazini, ila si chooni, naye akakubali. Meneja alimpa kazi ya kukunja mashuka kwa mpiga pasi, kwa muda, kwa kuwa mkunjaji mwenyewe alikuwa likizo. Alikunja chapuchapu, kama kawaida yake. Ila kila alipopita mbele ya bafu alibana pua na kuharakisha.

Likizo ya mkunjaji ikakaribia kwisha.

"Sikufukuzi," meneja alimwambia kwa upole. "Lakini nafasi niliyo nayo ni ya usafi tu. Fikiria."

Chapuchapu alifikiria chumba chake na mwanawe. Alifikiria pia ule mlango uliokataa kufunguka. Alimwambia wifi yake, "Siwezi. Nikisikia tu maji ya choo, mwili unatetemeka." Mama Mng'aro hakumshawishi. Angeanzia wapi yeye, aliyemtia huko?

Siku moja meneja alipanda ngazi anatweta. Jasho linamtiririka.

"Mama Mng'aro! Mgeni mkubwa ameshafika, yuko mapokezi. Chumba chake, kile cha mwisho tulichokifunga tangu siku ile, choo kina lile doa mpaka leo! Tafadhali, leo tu, fanya ule mchanganyiko wako. Mara moja tu, mlango tuuache wazi."

Chapuchapu alikuwa koridoni na mashuka mikononi. Alisimama palepale. Uso ulimsawijika.

Mama Mng'aro alimwona. Akaweka ndoo chini.

"Hapana, bosi."

"Leo tu!"

"Hata leo. Hata mlango ukiwa wazi. Ukitaka nifukuze, nitakwenda kukaa na mume wangu nibandike soli. Mchanganyiko ule sitaufanya tena, na hapa hataufanya mtu nikiwa hai."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia bosi hapana. Meneja alimtazama, kisha akageuka akamwona Chapuchapu na mashuka yake. Mabega yakamshuka.

"Nisamehe," alisema taratibu. "Nilipaniki. Fanya kama tulivyofundishwa. Mgeni nitakwenda kuzungumza naye."

Akashuka zake. Mama Mng'aro akaingia bafuni akafungua dirisha. Akavaa glavu na miwani. Akapima maji ndani ya ndoo, kisha dawa. Akaipaka kwenye doa, akatoka kusubiri koridoni. Chapuchapu alikuwa bado amesimama pale.

"Ni dawa moja?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Moja. Chupa ile pale, soma mwenyewe."

Chapuchapu aliweka mashuka kwenye kiti. Akachukua chupa akasoma maandishi, polepole, mstari baada ya mstari. Mtu ambaye hajawahi kufanya kitu polepole maishani mwake! Alipomaliza aligeuza chupa akasoma na upande wa nyuma.

"Dakika zimetimia," alisema. "Hapa wanasema sasa usugue."

Mama Mng'aro aliingia, akapiga magoti, akaanza kusugua. Doa lilianza kulegea pembeni. Alisuuza, akarudia. Jasho lilimtoka. Nyuma yake alisikia hatua moja, kisha kimya. Hakugeuka. Aliogopa akigeuka atamshtua. Akasikia pumzi ndefu, ya mtu anayejaribu hewa kama ni salama.

"Wifi, glavu nyingine ziko wapi?"

"Kwenye kikapu, hapo mlangoni."

Chapuchapu alizivaa. Kidole kimoja kikaingia mahali pa kingine, akavua akavaa upya. Akachukua miwani ya akiba. Akakanyaga ndani ya bafu, mguu mmoja, halafu wa pili, akasimama chini ya dirisha mpaka kutetemeka kukapungua. Kisha akapiga magoti kando ya wifi yake.

"Sogea," alisema. "Kwa mwendo huo wako mgeni atalala mapokezi."

Furaha ilimjaa Mama Mng'aro. Akasogea.